Jim Sheridan: alitoka jukwaani na nini mkononi? (Uzi mrefu, wapenda tamthilia na sinema karibuni)

MzeeWaPazia (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Huu uzi nimeuweka kiporo muda mrefu, leo naupasha moto kwa sababu ya simu moja. Kuna kijana anaongoza tamthilia mwaka wa sita sasa, kapata kamera ya kuazima, anataka kushuti filamu yake ya kwanza. Ananiuliza, "Mzee, nianzie wapi?" Nikamwambia subiri kwanza, nitakusimulia habari za Muayalandi mmoja.

Ila nianze na aibu yangu. Mimi nilishaungua. Kikundi chetu kilikuwa na mchezo uliojaza ukumbi wiki mbili mfululizo, tukasema basi tuushuti, pesa si hizo hapo. Tukakodi kamera siku tatu. Tukio la kwanza kabisa, mama mmoja aliyekuwa akichekesha kuliko sisi wote akasema mstari wake, akanyamaza. Kimya. Kamera inarekodi. Nikakata, nikamuuliza, "Mama, umesahau?" Akanijibu bila wasiwasi, "Sijasahau, nawaachia wacheke." Humo ndani tulikuwa mimi, mpiga picha, na mtu wa taa anakula mihogo. Filamu ile haijaisha mpaka leo na kanda zipo uvunguni.

Sasa tuje kwa mwenzangu aliyefanikiwa kutoka kuongoza jukwaani mpaka kuongoza filamu. Jim Sheridan kazaliwa Dublin mwaka 1949, kakulia Sheriff Street, mtaa wa watu wa bandarini, kaskazini ya mto Liffey. Miaka ya 1970 yeye na mdogo wake Peter walikuwa ndio injini ya Project Arts Centre, ukumbi mdogo uliokuwa ndani ya jengo la zamani la kiwanda cha uchapaji. Liam Neeson na Gabriel Byrne walipita pale kabla dunia haijawajua. Tamthilia zenyewe zilikuwa za moto, za mtaa, za watu wasiotakiwa kuonekana jukwaani. Miaka hiyo hiyo walikaribisha kundi kutoka London lenye michezo kuhusu wapenzi wa jinsia moja, halmashauri ya jiji ikawakatia ruzuku. Mnaelewa ni mtu wa aina gani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akabeba mke na watoto, wakaenda New York. Akapewa kuongoza Irish Arts Center, ukumbi mwingine mdogo, mtaa wa 51 upande wa magharibi ya Manhattan. Akiwa huko akasoma kozi fupi ya filamu ya wiki chache tu Chuo Kikuu cha New York. Wiki chache, wakuu! Hiyo ndiyo shule yake yote ya kamera. Kisha mwaka 1989, anagonga miaka 40, anatoa filamu yake ya kwanza maishani, na filamu hiyo inateuliwa kuwania Oscar tano, ikiwemo filamu bora na mwongozaji bora.

Swali langu: mtu asiyejua lenzi alipita mlango gani? Naendelea baada ya chai.

---

bint_wa_uhuru

Nimekaa paleee mbele, nimekuja na karanga. Tiririka mzee.

---

Chumvi_ya_Bahari

Huyo mama wa "nawaachia wacheke" apewe maua yake. Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

---

Baridi_la_Dublin

Mleta uzi, mimi naishi huku mwaka wa nane. Nikuongezee kidogo. Project bado ipo, East Essex Street, eneo la Temple Bar, ila jengo la zamani lilibomolewa wakajenga jipya lililofunguliwa mwaka 2000, limepakwa buluu kali huwezi kulipita bila kugeuka. Sheriff Street yenyewe sasa imepakana na maghorofa ya mabenki. Unatembea dakika tano kutoka nyumba za matofali mekundu zenye nguo zimeanikwa, unafika kwenye vioo vitupu na watu wamevaa suti. Ukitazama filamu zake ukiwa umepita pale, utaona ni kwa nini kila filamu ina mtu anabishana na mlango uliofungwa.

---

MzeeWaPazia

@Baridi_la_Dublin asante sana, hiyo ya mlango uliofungwa naichukua.

Tuendelee. Filamu yenyewe ni *My Left Foot*, kisa cha kweli cha Christy Brown, mwandishi na mchoraji wa Dublin (1932 hadi 1981) aliyezaliwa na ulemavu wa mtindio wa ubongo, kiungo pekee alichoweza kukitawala ni mguu wa kushoto. Mama yake alizaa watoto 22, wakapona 13. Familia ya fundi matofali, nyumba ndogo, watoto wanalala kama samaki kwenye tenga.

Tazama walioungana kuitengeneza. Prodyuza ni Noel Pearson, mtu wa tamthilia. Muswada kaandika Sheridan pamoja na Shane Connaughton, naye mtu wa tamthilia. Baba kachezwa na Ray McAnally, simba wa jukwaa la Dublin. Na muda wenyewe ulikuwa mbaya kuliko yote: serikali ya Ayalandi ilikuwa imefunga bodi ya filamu mwaka 1987 kubana matumizi. Pesa zikaokotwa huku na kule, televisheni ya taifa RTÉ na Granada ya Uingereza wakiwemo. Bodi ikaja kufufuliwa 1993, baada ya Waayalandi kuanza kurudi na Oscar mkononi na wanasiasa kuona haya.

Sasa nataka mtazame dakika za mwanzo tu. Mguu mtupu. Vidole vya mguu vinachomoa sahani ya santuri kwenye ganda lake, vinaiweka kwenye gramafoni, vinainua sindano, vinaishusha polepole. Muziki unaanza. Ndipo kamera inapanda kutafuta uso wa mwenye mguu. Daniel Day-Lewis, aliyemcheza Christy, aliweza mambo mengi kwa mguu wa kulia, wa kushoto ulimgomea, ndiyo maana baadhi ya picha zilipigwa kupitia kioo ili kulia kuwe kushoto. Hilo peke yake lingetosha kuniambia huyu mwongozaji ni wa wapi. Jukwaani hatuna pesa ya kudanganya kwa mashine, tunadanganya kwa kioo, kwa pazia, kwa mshumaa.

Ila jukwaani mguu huo hauonekani! Mtu wa safu ya nne kuendelea ataona jamaa kakaa kwenye kiti anahangaika. Sheridan miaka yote hiyo ukumbini alikuwa hana namna ya kumleta mtazamaji sentimita thelathini kutoka kwenye kidole gumba. Siku ya kwanza anapewa uwezo huo, anaanza nao. Hakuanza na mandhari ya jiji wala ndege angani.

---

Profesa_wa_Kijiweni

Mzee heshima yako, lakini hapa unampa mwongozaji sifa za mwigizaji. Day-Lewis ndiye aliyebeba. Jamaa hakutoka kwenye kiti cha magurudumu muda wote wa kushuti, analishwa kwa kijiko, anabebwa kuvushwa juu ya nyaya za taa, mafundi wanalalamika. Ukimpata mwigizaji wa hivyo hata mimi naongoza.

---

MzeeWaPazia

@Profesa_wa_Kijiweni hahaha, ungejaribu kwanza. Nani aliyemwachia? Prodyuza wa kawaida, siku zinahesabiwa, mwigizaji anakataa kusimama kwenda kula, angeshamwita wakili. Mtu aliyetoka kwenye mazoezi ya wiki tano ndiye anayejua kwamba hayo yanayoonekana wazimu ndiyo kazi yenyewe. Halafu Oscar haikuwa moja. Day-Lewis alichukua ya mwigizaji bora wa kiume, Brenda Fricker akachukua ya mwigizaji msaidizi wa kike, mwanamke wa kwanza wa Ayalandi kushinda Oscar ya uigizaji. Fricker hakukaa kwenye kiti chochote. Yeye alisimama jikoni.

Na yule mtoto Hugh O'Conor, aliyecheza Christy mdogo, je? Lile tukio la chaki: mtoto yuko chini sakafuni, familia nzima imemzunguka, anaandika neno "mama" kwa mguu. Baba anahangaika kuelewa, ndugu wanabishana, mama kaganda. Hesabu mara ngapi kamera inakwenda kwa mtoto na mara ngapi inakwenda kwa wanaomtazama. Mtu wa jukwaa anajua kitu kimoja ambacho wapiga picha wengi hawakijui: habari iko kwa anayesikiliza. Baba anambeba mtoto begani mpaka baa kuwaambia walevi wenzake kwamba huyu ni mwanawe. Mpaka leo nikifika hapo najifanya natafuta miwani.

---

Otis_254

Aisee uzi mtamu. Lakini mbona Sheridan pekee? Kuna John Crowley, wa Cork. Huyo alikuwa mkubwa wa jukwaa London kwanza, pale Donmar Warehouse. Mwaka 2003 akatoa filamu yake ya kwanza *Intermission*, na mwaka huo huo akaongoza tamthilia ya *The Pillowman* pale National Theatre. Yaani hakuhama, alijenga nyumba mbili. Mwaka 2009 yuko Broadway na Hugh Jackman na Daniel Craig, 2015 anatoa *Brooklyn*, ikateuliwa kuwania Oscar tatu. Kwangu mimi huyo ndiye mfano mzuri kwa kijana wako. Si lazima uchome daraja.

---

MzeeWaPazia

@Otis_254 umesema kweli tupu na Crowley nampenda. Lakini Crowley alianza filamu akiwa na jina, na Colin Farrell na Cillian Murphy ndani. Kijana wangu ana kamera ya kuazima na ndugu zake wawili. Sheridan yuko karibu naye zaidi.

Na ukitaka mfano wa upande wa pili, mtazame Garry Hynes wa Galway. Alianzisha kampuni ya Druid mwaka 1975, mwaka 1998 akawa mwanamke wa kwanza kushinda Tony, tuzo kubwa ya jukwaa la Marekani, kwa kuongoza tamthilia, na jukwaa hakuliacha. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema Hynes alibaki nyuma. Hii habari ya kwamba filamu ni kupanda daraja na tamthilia ni kusubiri basi, mimi siiafiki.

Kwa bahati tu, mchezo uliompa Tony ile unaitwa kwa jina la kijiji cha Leenane. Na kijiji hicho ndicho Sheridan alichoshutia filamu yake ya pili. Ngoja niende huko, maana ndiko nilikojifunza zaidi.

---

bint_wa_uhuru

Karanga zimeisha nimehamia mahindi.

---

MzeeWaPazia

*The Field*, 1990. Hii ni tamthilia ya John B. Keane, ilionyeshwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1965, na chanzo chake ni mauaji ya kweli yaliyotokea Kerry mwaka 1958 kwa ugomvi wa ardhi. Mkulima anaitwa Bull McCabe. Kakodi kiwanja cha mjane, kakilima kwa jasho kutoka mawe mpaka majani. Mjane anataka kuuza kwa mnada. Anatokea mgeni mwenye pesa. Mengine mnaweza kuyakisia, hasa mliowahi kugombania shamba la urithi.

Tamthilia ile sehemu kubwa iko ndani ya baa. Watu wanaingia, wanakunywa, wanasema, wanatishana, wanatoka. Kiwanja unakisikia kwenye midomo yao. Ni mchezo wa maneno, na ndio uzuri wake.

Sasa wewe umeongoza michezo ya jukwaani miaka ishirini, unapewa mchezo wa jukwaani uutengenezee filamu. Mtego mbaya kuliko wote! Maana utasema: huu naujua, naweka kamera mbele ya kaunta, nasubiri. (Ndivyo nilivyofanya mimi.) Sheridan alifanyaje? Baba na mwana wanaburuza punda aliyekufa wakamtupe majini. Kisha wanapanda mlima na matenga ya mwani mgongoni, maji yanawachuruzika shingoni, wanakwenda kuumwaga kwenye kiwanja uwe mbolea. Muda wote huo hakuna mazungumzo ya maana. Ukishaona mwani ule, Bull hahitaji tena kukueleza kwa nini ardhi ni yake. Jukwaani angehitaji kurasa mbili.

Akabadili na mengine. Mchezo ni wa miaka ya 1960, filamu akairudisha 1930 na kitu, karibu na kumbukumbu ya njaa na kufukuzwa mashambani. Mgeni wa kwenye mchezo anatokea Uingereza, wa kwenye filamu ni Mmarekani. Mwisho nao ni mwingine kabisa, ng'ombe wanaporomoka kwenye jabali na mzee anapigana na mawimbi ya bahari. Wapo waliosema amezidisha chumvi, na mimi kwa mwisho ule nakubaliana nao. Pale alikosa mtu wa kumshika mkono.

Bull wa kwanza kabisa jukwaani mwaka 1965 alikuwa Ray McAnally, yule yule baba wa kwenye *My Left Foot*. Ndiye aliyetarajiwa kucheza kwenye filamu pia, akafariki Juni 1989. Nafasi ikaenda kwa Richard Harris, akateuliwa kuwania Oscar. Harris ni mkubwa, simdharau. Ila kila nikiitazama najikuta nasikiliza sauti ya marehemu pembeni.

---

Chumvi_ya_Bahari

Mzee hiyo ya mwani imenigusa. Babu yangu alikuwa na shamba la mnazi mmoja mmoja, kila mmoja una jina. Siku lilipouzwa hakusema neno, alikwenda akakaa chini ya ule wa kwanza.

---

MzeeWaPazia

@Chumvi_ya_Bahari umeona? Umesema mistari miwili na nimeona picha. Babu angehutubia ningesinzia.

---

Profesa_wa_Kijiweni

Sawa, The Field nakubali. Lakini *In the Name of the Father* ya 1993 ni uongo mtupu wa kihistoria na hapo huna pa kujificha. Gerry Conlon na baba yake Giuseppe hawakukaa chumba kimoja cha gereza kama inavyoonyeshwa. Na yule mwanasheria Gareth Peirce hakuwa wakili wa kusimama mahakamani kuhutubia majaji, kazi yake ilikuwa kuandaa kesi. Watu wamefungwa kweli, mzee kafia kifungoni kweli, halafu mtu anabadilisha kwa sababu ya sinema?

---

MzeeWaPazia

Hoja nzito na sitaikwepa. Kwa wasiojua: Oktoba 1974 mabomu yalilipuka kwenye baa za Guildford, Uingereza. Vijana wanne wakafungwa mwaka uliofuata kwa maungamo waliyoyatoa kwa kubanwa. Baba wa mmoja wao, Giuseppe Conlon, naye akafungwa, akafariki mwaka 1980 bado ni mfungwa. Wale wanne waliachiwa Oktoba 1989 baada ya hukumu kufutwa. Filamu ikateuliwa kuwania Oscar saba na ikachukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 1994.

Chumba kimoja hakikuwepo. Kweli. Lakini ukiniuliza Sheridan aliitoa wapi, nakwambia kaitoa kwenye zile kumbi zake ndogo. Watu wawili, kuta nne, kitanda juu kitanda chini, mlango unafungwa kwa nje. Hiyo ni seti ya jukwaani ya bei nafuu kuliko zote. Baba mpole anayesali, mtoto mkorofi anayemdharau kwa upole wake, hawana pa kukimbilia. Kamtafuta Pete Postlethwaite, mtu wa jukwaa damu na nyama, awe baba, akamkabili na Day-Lewis kama mtoto. Filamu nzima ya kisiasa ikawa kisa cha mtoto anayechelewa kumjua baba yake. Magereza yenyewe alishutia Kilmainham, gereza la kale la Dublin ambalo sasa ni makumbusho, unasikia hata hatua zinavyorudi ukutani.

Je, ilikuwa halali? Kuhusu chumba, mimi namsamehe. Kuhusu mwanasheria kuhutubia mahakamani, simsamehi. Cha kwanza kimefungua kitu kuhusu wale watu wawili. Cha pili ni makofi tu, ni yule mama yangu anasubiri wacheke.

---

Profesa_wa_Kijiweni

Hapo umejibu. Nasonga mbele kinyongo kimepungua.

---

Kigali_Asubuhi

Habari za jioni wote. Muswada wa filamu hiyo Sheridan kaandika na Terry George, mtu wa Belfast. Sisi huku jina hilo tunalijua kwa sababu nyingine: ndiye aliyekuja kuongoza *Hotel Rwanda* mwaka 2004. Huku kwetu filamu ile ina maneno mengi, wapo manusura wanaoikataa simulizi yake na namna ilivyomjenga mhusika mkuu, sitaki kulifungua hilo leo. Nilitaka kuuliza, hawa wawili walikutanaje?

---

MzeeWaPazia

@Kigali_Asubuhi karibu sana, umeleta kitu muhimu kuliko unavyodhani. Walifanya kazi pamoja kwenye ule ukumbi mdogo wa New York! Terry George alikuwa amefungwa gereza la Long Kesh, Ayalandi ya Kaskazini, miaka ya 1970. Alipofika Marekani akaandika tamthilia kuhusu jaribio la wafungwa kuchimba handaki watoroke, inaitwa *The Tunnel*, ikapandishwa jukwaani Irish Arts Center mwaka 1986, Sheridan akiongoza. Kutoka kwenye handaki lile la mbao na kitambaa, hawa watu wakaenda mpaka Oscar, na mmoja wao mpaka Kigali.

Kwa hiyo kijana anaposema hana watu wa filamu, mimi namwambia hebu angalia nani anashona mavazi kwenye kikundi chako, nani anakuandikia. Sheridan hakutafuta watu wapya. Alihama na ukoo.

Na maneno yako kuhusu manusura yanamrudisha Profesa kwenye swali lake. Ukichukua kifo cha watu wengine na kukifanya tamthilia, watakuja na hesabu. Wana haki.

---

Otis_254

Lakini mzee tuwe wakweli. Baada ya 2003 huyu jamaa aliteleza. 2005 anaongoza filamu ya 50 Cent, yule mwanarapa. Kweli?

---

MzeeWaPazia

Aliteleza, sikatai. Ya 50 Cent nimeitazama mara moja, yatosha. *Dream House* ya 2011 ndiyo mbaya zaidi: studio ikamnyang'anya uhariri, na mastaa wenyewe, Daniel Craig na Rachel Weisz, wakagoma kuitangaza. Jukwaani hilo haliwezekani. Pazia likishapanda, mwenye ukumbi hawezi kuingia katikati ya tendo la pili akaanza kuhamisha viti. Kwenye filamu, kazi yako unaimaliza mara tatu: ukiandika, ukishuti, ukihariri, na hiyo ya tatu anaweza kuimaliza mtu mwingine kabisa. Kijana, hapo usikilize.

Ila kabla ya hapo kuna *In America* ya 2002, iliyoandikwa naye pamoja na mabinti zake wawili, Naomi na Kirsten. Familia inaingia New York kutokea Kanada, baba ni mwigizaji anazunguka kutafuta nafasi jukwaani na hazipati, kwa sababu tangu mtoto wao wa kiume afariki hawezi kulia wala kuhisi. Sheridan kaitoa kwa kumbukumbu ya mdogo wake Frankie, aliyefariki mtoto. Jirani wa chini ni msanii mgonjwa, kachezwa na Djimon Hounsou wa Benin, akateuliwa kuwania Oscar.

Kuna tukio la uwanja wa michezo ya bahati. Baba anarusha mpira apate mdoli kwa ajili ya binti yake. Anakosa. Dau linapanda mara mbili. Anakosa. Linapanda tena. Pesa zinazotoka mfukoni sasa ni za kodi ya nyumba, na mke anazihesabu, anampa. Watu wanajaa nyuma yao. Mdoli wenyewe ni takataka. Hakuna anayesema "tutalala nje." Unaangalia uso wa mke, uso wa mtoto, mkono wa baba. Mtu anarusha mpira kwenye tundu na mimi nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Miaka 13 kabla, alianza na kidole cha mguu. Hapa kafika mahali ambapo anakaa kimya kabisa na nyuso tatu.

---

Kamera_ya_Kuazima

Shikamoo mzee. Mimi ndiye kijana mwenyewe. Nimesoma uzi wote usiku huu, bando limekwisha nimeomba la dada. Swali moja tu: waigizaji wangu wamezoea kupaza sauti mpaka mlango wa nyuma. Nikiwaambia washushe wanakufa, wanakuwa kama wanasoma risiti. Nifanyeje?

---

MzeeWaPazia

Marahaba mwanangu. Usiwaambie washushe sauti. Ukimwambia mtu wa jukwaa ashushe sauti, anashusha na moyo. Wape kazi ya mikono. Mmoja achambue mchele, mwingine ashone kifungo, halafu waseme maneno yale yale wakiwa wanafanya kazi kweli, mchele wa kweli, mawe ya kweli. Sauti itashuka yenyewe. Kisha kata nusu ya maneno. Usikate mabaya, hayo utayaona mwenyewe. Kata mazuri ambayo mkono umeshayasema.

Na wiki zako za mazoezi usizitupe. Ndicho kitu pekee ulicho nacho ambacho wenye kamera za bei mbaya hawana. Fanyeni mazoezi mkiwa kwenye chumba mtakachoshutia, wajue mlango unalia wapi.

---

Baridi_la_Dublin

Mzee, mwaka 2025 Sheridan katoa nyingine, *Re-creation*, kaongoza pamoja na David Merriman. Wazee wa baraza 12 wamefungiwa chumbani wanabishana kuhusu kesi ya mauaji ya mwanamke wa Kifaransa yaliyotokea Cork mwaka 1996, kesi ambayo mahakama za Ayalandi hazikuwahi kuisikiliza. Na yeye mwenyewe kaigiza ndani yake.

---

MzeeWaPazia

Meza moja, viti 12, mlango umefungwa. Miaka 76. Huyu mzee karudi Project kwa mlango wa nyuma!

---

Kamera_ya_Kuazima

Mzee, kamera nakaa nayo mpaka Jumapili saa 12 jioni. Nina nafasi ya mama mmoja muuza mchele, anachekesha. Yule mama wa kikundi chenu bado anaigiza?

---

MzeeWaPazia

Anaigiza. Njoo faragha nikupe namba. Ila mwambie mapema kabisa kwamba hakuna wa kucheka, na umtafute mtu wa taa mwingine, yule wa mihogo sasa ana duka.